Mpe Shimo Kwanza

(Mhadhara kwa familia za Waafrika Mashariki waishio Uingereza, jinsi ulivyotolewa)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Na nyinyi watoto mliokaa mbele kabisa, marahaba, nimewasikia.

Nimeambiwa kwamba humu ukumbini zimo nyumba zinazofuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, tayari, na zimo nyingine ambazo mtoto ameomba na mzazi bado anasitasita. Nitasema na wote, ila zaidi na yule ambaye wiki hii au ijayo atamtoa buibui wake kwenye kikopo alichouziwa na kumtia katika kasha jipya. Siku hiyo ndiyo inayoumiza buibui wengi, nao wanaowaumiza ni watu wanaowapenda.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, chini ya milima ya Usambara. Utotoni tukienda shamba tulikuwa tukiona mashimo ardhini, mdomo wake umezungushiwa utando mweupe kama kitambaa. Babu aliyaonyesha kwa ncha ya fimbo, hakuyachokoa. Alikuwa akisema, "Mwenyewe yumo. Mpite." Miaka mingi baadaye, hapa Uingereza, nikasimama mbele ya meza ya muuzaji na kukuta buibui wa rangi ya chungwa ndani ya kikopo kisichozidi kikombe cha chai, na juu ya kifuniko pameandikwa Usambara. Kitaalamu anaitwa Pterinochilus murinus. Reginald Pocock ndiye aliyemwandika kwa jina hilo mwaka 1897, na makao yake yanaanzia kwetu Kenya na Tanzania mpaka Angola. Nilisoma jina la nyumbani kwenye kifuniko cha plastiki na moyo ukanishtuka.

Siku ile sikumchukua. Nilimchukua mwingine aliye mtulivu zaidi, yule wa pwani ya Pasifiki ya Meksiko mwenye magoti mekundu, Brachypelma hamorii. Ni jike. Yeye ndiye aliyenifundisha haya ninayowaambia leo, kwa sababu nilimkosea.

Nilimnunulia kasha kubwa la kioo, refu kwenda juu, nikiamini kwamba kumpa nafasi kubwa ndiko kumpenda. Chini niliweka udongo wa kina cha vidole viwili tu, tena vumbi la makumbi nililoliloweka jioni ileile, bado linachuruzika maji. Juu nikawasha taa. Nikamtia ndani, na usiku huohuo nikamtupia nyenje wawili. Halafu kila baada ya saa moja naenda kuinua kifuniko nimtazame.

Siku tisa hakugusa chini. Alijibanza kwenye kona ya juu ya kioo, miguu ameikusanya karibu na kichwa, na nyenje walipompita alijikunyata badala ya kuwakamata. Siku ya kumi nilikuwa mezani nikasikia kishindo kidogo, kama ndimu ikianguka. Alikuwa ameponyoka. Aliangukia miguu, nikamshukuru Mungu, maana tumbo la tarantula ni kifuko laini kilichojaa maji ya mwili. Likigonga kitu kigumu linapasuka, na likipasuka hakuna daktari.

Basi nikaanza kujiuliza swali ambalo ningelipaswa kujiuliza kabla ya kufungua pochi. Huyu mnyama, mahali anapajuaje?

Ana macho manane, lakini hayamwonyeshi mengi zaidi ya mwanga, giza na kivuli kinachopita. Dunia yake anaisikia kwa miguu. Miguuni mna nywele nyembamba sana zinazotikiswa na upepo mdogo tu wa bawa la mdudu, na kwenye ngozi mna mianya midogo inayohisi mtetemo wa ardhi. Hata ladha anaionja kwa nyayo. Porini jike hukaa ndani ya shimo lake, na nyuzi alizozitandaza mlangoni humletea habari za nje: huyu anayepita ni mdudu, huyu ni mjusi, huyu ni mzito, nirudi ndani. Anaishi hapo miaka na miaka. Madume ndio wanaozurura, nao ni wakati wa kutafuta jike tu, na baada ya hapo maisha yao huwa mafupi.

Niwape mfano wa jamaa zake. Huko Australia Magharibi mtafiti Barbara York Main alianza mwaka 1974 kufuatilia buibui wa jamii inayochimba mashimo na kuyawekea mlango. Kila shimo alilipa namba. Jike wa shimo namba 16 alifuatiliwa tangu alipokuwa mdogo, na mwaka 2016 mlango wake ulikutwa umetobolewa na nyigu, mwenyewe hayumo. Aliishi miaka 43. Miaka yote hiyo, shimo lilikuwa lilelile moja.

Sasa fikirini unapomwinua mnyama wa namna hiyo na kumweka mahali ambapo hakuna uzi wake hata mmoja, hakuna ukuta wa kuegemea mgongo, na chini anakanyaga majimaji. Umemkatia habari zote kwa mara moja. Pale juu ya kioo hakuwa akichunguza nyumba. Alikuwa akitafuta pa kutokea.

Kwa hiyo kazi karibu yote ya kumtuliza inafanyika kabla hajaingia. Nitakaa hapa kidogo.

Kwanza vipimo. Mpime kwa macho, kuanzia ncha ya mguu wa mbele mpaka ncha ya mguu wa nyuma wa upande wa pili. Tuseme ni sentimita 12. Sakafu ya kasha iwe na urefu wa mara tatu ya hapo, yaani sentimita 36 hivi, na upana wa mara mbili. Kutoka uso wa udongo mpaka kifuniko isizidi mara moja na nusu, yaani sentimita 18. Hii ni kwa tarantula wa ardhini. Wapo wanaoishi mitini, na hao wanataka kasha la kusimama lenye gome refu, lakini wengi wenu mnao wa ardhini. Ukiwa umeshanunua kasha refu kama langu, usilitupe. Lijaze udongo mpaka nafasi ya juu ipungue. Faida ni mbili: akianguka haumii, na chini anapata kina cha kuchimba.

Udongo ndio wenyewe. Watu wa Tanga na Pemba mliomo humu mnayajua makumbi ya nazi, ndiyo yaleyale yanayosokotwa kamba. Yakisagwa na kukaushwa huuzwa hapa kama tofali, unaliloweka linafura. Mimi huchanganya na udongo wa juu wa kawaida usiotiwa mbolea wala dawa, nusu kwa nusu, kwa sababu makumbi peke yake ni mepesi mno na shimo huporomoka. Finyanga bonge mkononi. Likishika umbo na maji yasichuruzike kati ya vidole, limefaa. Limwage kwenye kasha tabaka kwa tabaka, ulishindilie kwa kiganja, kina kisipungue sentimita 10, na 15 ni bora. Kisha, ndugu zangu, subirini. Acheni kifuniko wazi siku tatu, nne, hata wiki, mpaka uso wa juu ukauke na ubaki ubichi wa chini. Tarantula wa nchi kavu akikanyaga udongo uliolowa hupanda ukutani, na mwenye nyumba anadhani buibui ni mkorofi.

Juu ya udongo weka gome la mti lililopinda, au kipande cha chungu kilichovunjika, nusu yake ikiwa imezikwa. Chini yake chimba shimo la kuanzia kwa kidole au kwa mpini wa kijiko, literemke kwa mshazari, upana wa kumtosha kuingia na kugeuka. Hili wengi hawalifanyi. Wanaweka gome juu ya udongo kama paa bila nyumba na kungoja buibui aelewe. Ukimwanzishia shimo, mara nyingi usiku wa kwanza tu analiingia, na asubuhi unakuta mlangoni pana mavumbi mapya.

Maji: kisahani kifupi, yabadilishwe. Matundu ya hewa yawe pande mbili za kasha ili hewa ipite. Taa haihitajiki. Na mkeka wa umeme wa joto usiuweke chini ya kasha hata siku moja. Buibui akizidiwa na joto hukimbilia chini, huko porini ndiko kwenye baridi, na wewe umemgeuzia dunia ili chini kuwe ndiko kunakounguza. Chumba ambacho wewe unakaa bila koti kinamtosha.

Mahali pa kuliweka kasha ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Lisikae juu ya mashine ya kufulia, wala karibu na spika, wala kwenye rafu inayotikisika mlango ukibamizwa. Ukikumbuka kwamba anasikia kwa miguu, utaelewa spika ni nini kwake. Na dawa za kupulizia mbu na mende, na zile za viroboto wanazopakwa paka na mbwa, zisitumike chumba hicho kabisa. Dawa iliyotengenezwa kuua mdudu haibagui buibui. Nyumbani kwangu hata udi tunafukiza chumba kingine.

Sasa usiku wa kuhama. Nasema usiku kwa sababu ndio wakati wake wa kutembea, na nyumba imetulia. Mnahitaji kikopo cha plastiki kinachopitisha mwanga, kipana kuliko buibui, na brashi laini ya kupakia rangi. Mkono mtupu hapana, hata kama umeona video. Kama buibui ni mwepesi wa mbio, fanyeni kazi hiyo ndani ya bafu la kuogea, tundu la maji limezibwa, ili akikurupuka abaki mle. Mfunike kwa kikopo, au umguse kwa brashi miguu ya nyuma, taratibu, aingie mwenyewe. Msimpumulie. Pumzi ya mtu kwake ni kimbunga cha mnyama mkubwa.

Kikishafungwa, usimmwage. Kilaze kikopo ndani ya kasha jipya, mdomo ukielekea kwenye lile shimo la kuanzia, fungua, funga kifuniko cha kasha, tandika kitambaa cheusi juu, zima taa, ondoka. Kikopo kitatolewa kesho au keshokutwa. Na kama kwenye kikopo cha zamani alikuwa na maficho yake au kipande cha utando wake, kihamishe naye. Anapokanyaga uzi wake mwenyewe, pamekuwa si pageni kabisa.

Baada ya hapo kazi yenu ni ngumu kuliko zote nilizotaja, nayo ni kuacha. Wiki nzima msifungue isipokuwa kwa maji. Mnaweza kutazama kwa mbali.

Usiku wa kwanza na wa pili atazunguka kingo zote, atapapasa kioo, pengine atapanda. Hiyo ni kawaida. Pengine atasimama kwa ncha za miguu kama mtu anayekanyaga mchanga wa jua kali. Pengine atajikunja pembeni kabisa na kukaa siku nne bila kusogea. Mwacheni. Wale wa Amerika, kama huyu wangu, wanaweza kujikwangua tumbo kwa miguu ya nyuma na kurusha vinyweleo. Vinyweleo hivyo vinawasha sana ngozi, na vikiingia jichoni ni jambo la hospitali, kwa hiyo usiinamishe uso juu ya kasha lililo wazi, na ukishalishughulikia nawa mikono kabla ya kujigusa macho.

Mnachongojea ni dalili nyingine. Siku moja mtakuta amelaza miguu yote chini, imetawanyika, tumbo limeegemea udongo. Hapo anapumzika. Halafu mtaona nyuzi chache zimetandazwa mbele ya gome. Halafu mtamkuta amebeba bonge la udongo kwa meno, amelikumbatia kwa miguu ya mbele, anaenda kulimwaga kona ya mbali, na pengine anamwaga ndani ya kile kisahani cha maji mlichokisafisha jana. Msikasirike. Anajenga. Mimi nilipoona bonge la kwanza nilimwita mke wangu kutoka jikoni, tukasimama kimya tukimtazama mpaka chakula kikaungua.

Chakula kije baada ya dalili hizo. Wiki ya kwanza hapana. Mkubwa aliyeshiba huko alikotoka anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na asipungukiwe na kitu. Ukifika wakati, mpe nyenje mmoja au mende mmoja wa kufugwa, asiyezidi ukubwa wa tumbo lake, jioni. Asipomgusa mpaka kesho, mtoe. Usiseme nitamwacha, atamla baadaye. Mdudu mwenye njaa humtafuna buibui, hasa akimkuta anajivua gamba.

Na hapo nisiwapite haraka. Tarantula anayejivua gamba hulala chali, miguu juu. Watu wamewatupa buibui wazima kwa kudhani wamekufa. Akilala chali, usimguse, usimpulizie maji, usimgeuze. Huo ni utaratibu wake, unaweza kuchukua saa nyingi. Baadaye meno yake huwa meupe, yanakuwa mekundu, yanaishia kuwa meusi, na mpaka yawe meusi usimpe chakula. Ukiona kabla ya kuhama kwamba tumbo limekuwa jeusi la kung'aa na amekataa kula, usimhamishe, ngoja amalize.

Anayekufa ana umbo lingine. Anakaa wima, lakini miguu imejikunja chini ya kifua kama ngumi. Kuna sababu. Buibui hukunja miguu kwa misuli, lakini kwenye viungo vikuu vya mguu hana misuli ya kuinyoosha. Huinyoosha kwa msukumo wa maji ya mwili. Maji yakipungua, msukumo unapungua, miguu inajikunja yenyewe. Mkimkuta hivyo, msogezeni taratibu mpaka mdomo, ulio chini ya mwili nyuma ya meno, uguse maji ya kisahani, na mwili ubaki nje. Wapo wanaorudi.

Zikipita wiki mbili na bado yuko ukutani, usimlaumu buibui. Chimba kwa kidole pembeni uone kama chini kuna tope. Majirani wanapofua nguo, weka kiganja juu ya meza uone kama inatetemeka. Angalia kama radieta ya kupashia chumba joto iko karibu mno. Jibu kwa kawaida liko katika hayo matatu.

Sasa yule wa rangi ya chungwa, wa kwetu. Najua wapo vijana humu wanaomtaka kwa sababu ya jina, nami nawaelewa sana. Lakini huyu si wa kuanzia, na si wa nyumba ambayo mtoto mdogo anaweza kufungua kasha. Buibui wa Afrika hawana vinyweleo vya kurusha. Wana mbio na meno, basi. Akikuuma, maumivu ni makali mno na hufuatwa na mikakamao ya misuli. Akihama, mpe udongo mkavu wenye kina, na mashina ya gome na matawi machache ya kufungia nyuzi, kisha mfungie kabisa. Ndani ya wiki chache huenda atakuwa amejaza kasha zima utando, vichuguu juu ya vichuguu. Kisahani cha maji kiweke tangu mwanzo chini ya mlango mnaotaka kuutumia, maana mkikosea mtakuwa mnapasua nyumba yake kila mnapompa maji, naye atajenga upya kila mara kwa nguvu ambazo angezitumia kukua. Huyo mhamisheni mara chache iwezekanavyo. Ndani ya utando wake, asipoguswa, ni mnyama anayejificha tu. Babu alikuwa sahihi.

Wakati wa chai mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, je, mwishowe atanizoea?" Mama, nakujibu kwa heshima. Hatakujua. Akikaa mlangoni jioni na wewe umekaa kwenye kiti chako, haimaanishi amekuja kukusalimu. Amekuja kwa sababu ardhi ya hapo ameshaijua na hatua zako zimekuwa sehemu ya ardhi hiyo. Mimi hilo linanitosha. Jike wangu anaweza kufika miaka 20 na zaidi, na kila jioni zikijitokeza ncha mbili za miguu kwenye mdomo wa shimo, nafurahi kama siku ya kwanza.

Na mtoto huyu hapa ameuliza kama hawi mpweke. Hapana, mwanangu. Anaishi peke yake kwa kutaka. Ukimwekea mwenzake, mmoja ataliwa.

Kasha lile mezani mnaloliona halina buibui. Nisingemtikisa ndani ya gari kwa muda wa saa mbili ili aonyeshwe. Nimelijaza udongo jana usiku, bado uko mbichi, na gome nimeshalizika. Shimo la kuanzia sijalichimba. Vidole vyangu ni vinene, kwa hiyo njooni nyinyi wa mbele, wawili wawili, msiegemee meza. Chimbeni kwa mshazari, hapo chini ya gome, mpaka kidole kizame chote. Mwenyewe ataingia Alhamisi, juu pakishakauka.